Bahasha Isiyoonekana: Jinsi Kompyuta Inavyosoma Kichwa cha Barua Pepe

Mto Rufiji unapoikaribia Bahari ya Hindi hugawanyika katika mikono mingi, na baina ya mikono hiyo umeota msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote katika pwani ya bara la Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya delta hiyo sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, wilaya iliyozaliwa kwa kugawanywa kwa Wilaya ya Rufiji. Kata kama Salale, Msala, Kiongoroni na Mbuchi zimo katikati ya maji na matope, na msafiri wa huko hupanga safari yake kwa kufuata maji kujaa na maji kupwa. Barua anayokabidhiwa nahodha ni lazima iwe na maneno nje ya bahasha: inakwenda kwa nani, imetoka kwa nani, na iliandikwa lini. Nahodha hana haja ya kuifungua. Maneno ya nje yanamtosha kuifikisha.

Barua pepe nayo ina bahasha ya namna hiyo, ingawa wasomaji wengi hawaioni. Kila ujumbe unaopita katika intaneti hutanguliwa na mistari kadhaa inayoitwa kichwa cha ujumbe. Programu iliyomo katika simu au kompyuta huichanganua mistari hiyo, huisimbua, kisha humwonyesha msomaji sehemu ndogo tu: jina la mtumaji, saa, na mada. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini kosa dogo ndani yake laweza kuleta hasara kubwa.

Hasara yenyewe si ya kubuniwa. Mwezi Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, na maji yakaingia katika mashamba na makazi ya watu wa wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji hayajapungua vya kutosha, kikaja kimbunga kilichopewa jina la Hidaya, ambacho tarehe 4 Mei 2024 kilifika kisiwani Mafia, mkabala na delta. Katika siku kama hizo ofisi, shule na zahanati hupokea taarifa kwa njia mbalimbali: redio, simu na barua pepe. Mpokeaji huwa na maswali manne. Nani amesema? Amesema lini? Amemwambia nani? Na jambo lenyewe ni lipi? Majibu yote manne yamo katika kichwa cha ujumbe, mradi kichwa hicho kisomwe sawasawa.

UJUMBE USIOTAJA MPOKEAJI

Delta ya Rufiji yenyewe ina kisa kinachoonyesha umuhimu wa jambo hili. Mwezi Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya mikono ya delta. Mikoko iliificha, na kina kidogo cha maji kikazizuia manowari kubwa za Waingereza kuifuata. Mwaka uliofuata Waingereza walileta meli mbili fupi za kina, Severn na Mersey, zenye mizinga mikubwa. Mabaharia wa meli hizo hawakuweza kuiona shabaha yao, kwa kuwa msitu ulikuwa katikati. Kwa hiyo ndege zilizoruka kutoka Mafia zilizunguka juu, na mtazamaji aliyekuwamo alituma ishara kwa simu ya upepo kueleza kila kombora limeanguka wapi.

Katika shambulio la kwanza, tarehe 6 Julai 1915, meli zote mbili zilipopiga kwa pamoja ilikuwa vigumu kujua kombora lililoonekana ni la meli ipi, na marekebisho yanayotoka angani yanamhusu mpiga mzinga yupi. Ishara zilisikika vizuri, na maana ya kila ishara ilijulikana. Kilichopungua ni jambo la nje ya ujumbe: jina la mwenye kuupokea. Katika shambulio la pili, tarehe 11 Julai, meli zilipangiwa kupiga kwa zamu, ili kila rekebisho liwe na mwenyewe. Siku hiyo ndege ilipigwa na risasi za Königsberg, lakini mtazamaji aliendelea kutuma marekebisho wakati ndege ikishuka kuelekea majini. Manowari ile iliangamia siku hiyo hiyo.

Funzo la kisa hiki kwa mwanafunzi wa mawasiliano ni moja. Ujumbe una sehemu mbili, yaani habari yenyewe na maelezo kuhusu habari hiyo. Sehemu ya pili ikikosekana, ya kwanza huweza kuwa sahihi kabisa na bado isifae kitu.

Wataalamu wa hali ya hewa walilitambua jambo hili zamani. Taarifa zinazopitishwa baina ya vituo vya hali ya hewa ulimwenguni hutanguliwa na kichwa kifupi kilichokubaliwa na mataifa yote. Kwa mfano, onyo la vimbunga la kituo cha Réunion, ambacho ndicho chenye dhamana ya kufuatilia vimbunga katika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, huanza kwa herufi WTIO30 FMEE, kisha tarakimu sita. Herufi W huonyesha kuwa huu ni ujumbe wa onyo, T kuwa onyo ni la kimbunga, na IO kuwa mahali ni Bahari ya Hindi. FMEE ni jina la kituo. Tarakimu 040000 zikifuata, maana yake ni siku ya 4 ya mwezi, saa 00:00 kwa saa ya dunia, yaani saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Mashine inayopokea hujua la kufanya kabla ya kusoma neno moja la onyo lenyewe.

KANUNI ZILIVYOANZA

Barua pepe ya kwanza kutumwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao ilitumwa na Ray Tomlinson nchini Marekani mwaka 1971. Yeye ndiye aliyeichagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Baada ya hapo kila mwenye programu alijipangia kichwa cha ujumbe alivyopenda, na vurugu ikaanza. Jitihada za kuweka utaratibu zilianza mwaka 1973. Mwezi Agosti 1982 ukatolewa waraka nambari 822, ulioandikwa na David Crocker, ambao uliweka msingi unaotumika hata leo. Waraka huo ulirekebishwa mwaka 2001, na tena mwaka 2008 kwa nambari 5322.

Waraka wa 1982 ulikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Uliruhusu herufi za orodha ya ASCII tu, ambayo ina alama 128, na herufi zake ni za maandishi ya Kiingereza. Mtu aliyetaka kuandika jina lake kwa Kiarabu, Kichina au Kifaransa chenye alama juu ya herufi hakuwa na njia. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipendekeza utaratibu mpya wa mwili wa ujumbe, naye Keith Moore akapendekeza njia ya kupitisha herufi za lugha zote ndani ya kichwa bila kuvunja mashine za zamani. Njia hiyo ni ya kuzisimba herufi ngeni kwa kutumia herufi za ASCII zenyewe. Ilithibitishwa tena mwaka 1996 katika waraka nambari 2047.

MFANO WA KICHWA

Ujumbe ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo, nao haukutumwa na ofisi yoyote. Majina yanayoishia na example yametengwa duniani kote kwa ajili ya mifano.

Received: from seva-b.example by seva-c.example;
 Sat, 04 May 2024 06:50:12 +0300
Received: from seva-a.example by seva-b.example;
 Sat, 04 May 2024 00:16:40 +0000
From: =?UTF-8?Q?Ofisi_ya_Tahadhari=2C_Pwani?=
 <tahadhari@seva-a.example>
To: shule@seva-c.example
Date: Sat, 04 May 2024 03:15:00 +0300
Subject: =?UTF-8?Q?Tahadhari:_ng=E2=80=99ombe_na_mitumbwi?=
 =?UTF-8?Q?_viondolewe_ufukweni_leo?=

Baada ya mstari wa mwisho hufuata mstari mtupu, kisha mwili wa barua. Majina ya vipengele yameandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo kanuni ilivyoyaweka kwa mashine zote: From ni mtumaji, To ni mpokeaji, Date ni tarehe, Subject ni mada, na Received ni muhuri wa kila kituo kilichoupokea ujumbe njiani.

HATUA ZA UCHANGANUZI

Kazi ya kwanza ya programu ni kujua kichwa kinaishia wapi. Kanuni ni nyepesi: kichwa huishia penye mstari mtupu wa kwanza. Yote yaliyo juu yake ni bahasha, na yote yaliyo chini ni barua. Mtu akiandika neno From katika barua yake, neno hilo halina nguvu yoyote, kwa kuwa liko chini ya mstari huo.

Kazi ya pili ni kuunganisha mistari iliyokunjwa. Kanuni inashauri kila mstari usizidi alama 78, na inakataza kabisa kuzidi alama 998. Kipengele kirefu hukatwa kikaendelea katika mstari unaofuata, na mstari huo wa pili huanza kwa nafasi. Hivyo programu ikikuta mstari unaoanza kwa nafasi hujua kuwa huo si kipengele kipya, bali ni mwendelezo wa kilichotangulia. Katika mfano wa hapo juu kuna mistari kumi ya maandishi, lakini vipengele ni sita tu.

Kazi ya tatu ni kutenganisha jina la kipengele na maelezo yake. Alama inayotenganisha ni nukta mbili. Hapa wanafunzi wengi wa programu hukosea mara ya kwanza, maana huikata mistari kila penye nukta mbili. Tarehe 04 May 2024 03:15:00 ina nukta mbili ndani yake, na mada ya mfano ina nyingine baada ya neno Tahadhari. Programu iliyo sahihi hukata penye nukta mbili ya kwanza tu, na zinazofuata huziacha kama zilivyo. Tena haibagui herufi kubwa na ndogo katika majina: Subject, SUBJECT na subject ni kitu kimoja.

Kazi ya nne ni kugawa sehemu za ndani za kila kipengele. Katika kipengele cha mtumaji, anwani yenyewe ni ile iliyomo kati ya alama < na >. Maneno yaliyotangulia ni jina la kupamba tu, lililowekwa kwa faida ya macho ya mtu. Wapokeaji wakiwa wengi, hutenganishwa kwa mkato.

Kazi ya tano ndiyo ya kusimbua herufi. Mpangilio wa hatua hizi si wa hiari. Msomaji atazame tena mstari wa mtumaji. Alama =2C zilizomo humo zinasimama badala ya mkato, kwa kuwa 2C katika hesabu yenye msingi wa 16 ni 44, na 44 ni nambari ya mkato katika orodha ya ASCII. Programu ikisimbua kwanza na kugawa baadaye, itaukuta mkato ulio wazi kati ya Tahadhari na Pwani, nayo itadhani kuna watumaji wawili. Ikigawa kwanza na kusimbua mwisho, mkato huo utabaki kuwa sehemu ya jina. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii methali hiyo ni kanuni ya usalama, kwa kuwa mwovu anaweza kuficha alama za kugawia ndani ya jina lililosimbwa ili kuipoteza programu isiyofuata taratibu.

RITIFAA NA HERUFI NYINGINE

Mwanafunzi anaweza kuuliza: Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama juu yake, basi kwa nini mada ya mfano imesimbwa? Jibu limo katika neno ng'ombe. Ritifaa ya mashine za taipu za zamani ilikuwa kijistari kilichonyooka, nacho kimo katika orodha ya ASCII. Simu na kompyuta za siku hizi mara nyingi huigeuza yenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo maneno kama ng’ombe, ng’ambo na kung’oa huingia katika kundi moja na Kiarabu na Kichina: kwa kanuni zilizoelezwa hapa, hayawezi kupita katika kichwa bila kusimbwa.

Neno lililosimbwa hutambulikana kwa umbo lake. Huanza kwa =? na kuishia kwa ?=. Ndani yake kuna sehemu tatu zinazotenganishwa kwa alama ya kuuliza. Sehemu ya kwanza hutaja orodha ya herufi iliyotumika. Katika mfano huu ni UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Sehemu ya pili hutaja njia ya kusimba, Q au B. Sehemu ya tatu ni maandishi yenyewe.

Katika njia ya Q, herufi za kawaida hubaki zilivyo, kistari cha chini husimama badala ya nafasi, na alama ngeni huandikwa kwa nambari za baiti zake, kila moja ikitanguliwa na alama ya usawa. Ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu katika UTF-8, ndiyo maana imeandikwa =E2=80=99. Programu ikijua kuwa baiti hizo tatu ni herufi moja, itaonyesha ng’ombe. Ikidhani kuwa kila baiti ni herufi yake, kwa kufuata orodha ya zamani ya Windows, itaonyesha ngâ€™ombe. Wasomaji wengi wamekwisha kuona takataka za namna hii katika ujumbe wao bila kujua chanzo. Hakuna kilichoharibika njiani: baiti zilifika salama, ila orodha iliyotumika kuzisoma siyo iliyotumika kuziandika.

Njia ya B hufaa pale ambapo takriban kila herufi ni ngeni. Hapo baiti tatu hugawanywa upya katika mafungu manne ya biti sita, na kila fungu hupewa herufi moja kati ya alama 64 zilizo salama. Neno Mto linatosha kuonyesha hesabu hiyo:

M = 01001101, t = 01110100, o = 01101111

Zikiunganishwa na kukatwa upya hupatikana 010011, 010111, 010001 na 101111, yaani 19, 23, 17 na 47. Orodha ya alama 64 huanza kwa A iliyo 0 hadi Z iliyo 25, kisha a iliyo 26 hadi z iliyo 51, ndipo tarakimu na alama mbili za mwisho. Basi 19 ni T, 23 ni X, 17 ni R na 47 ni v. Neno Mto limekuwa TXRv. Kusimbua ni kurudi nyuma kwa njia ile ile. Ieleweke pia kwamba huku si kuficha siri: yeyote mwenye kalamu na karatasi anaweza kulifumbua neno hilo.

Limebaki jambo moja linalowatatiza hata waandishi wazoefu wa programu. Neno moja lililosimbwa haliruhusiwi kuzidi alama 75, kwa hiyo mada ndefu hugawanywa katika maneno mawili au zaidi. Nafasi iliyopo kati ya maneno mawili yaliyosimbwa haihesabiwi. Ndiyo sababu katika mfano sehemu ya pili imeanza kwa kistari cha chini kabla ya neno viondolewe. Kisipokuwapo kistari hicho, msomaji ataona mitumbwiviondolewe. Na mgawanyo ukiangukia katikati ya baiti tatu za ritifaa, programu nyingine zitashindwa kuisoma herufi hiyo.

SAA NI YA NANI?

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Kipengele cha tarehe ndicho kinachodai onyo hilo zaidi. Katika mfano, ujumbe uliandikwa saa 03:15:00 +0300. Alama +0300 zinaonyesha kuwa saa hiyo imeitangulia saa ya dunia kwa saa tatu, nayo ndiyo saa ya Afrika Mashariki. Kwa saa ya dunia ilikuwa 00:15. Kwa hesabu ya Kiswahili ilikuwa saa tisa na robo usiku. Namna hizo tatu za kutaja wakati zinataja dakika ile ile.

Sasa msomaji atazame mihuri ya njiani. Kila seva inayopokea ujumbe hugonga muhuri wake juu ya mihuri iliyotangulia, kwa hiyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu. Muhuri wa chini ni wa saa 00:16:40 +0000. Programu inayopuuza alama za mwisho itadai kuwa ujumbe ulipokewa karibu saa tatu kabla ya kuandikwa, jambo lisilowezekana. Programu inayozizingatia itaona kuwa 00:16:40 kwa saa ya dunia ni 03:16:40 kwa saa ya hapa. Ujumbe ulifika seva ya pili dakika 1 na sekunde 40 baada ya kuandikwa.

Muhuri wa juu ni wa saa 06:50:12 +0300, yaani saa kumi na mbili na dakika 50 asubuhi. Kutoka seva ya pili hadi ya tatu zilipita saa 3, dakika 33 na sekunde 32. Kumbe mwandishi wa tahadhari hakuchelewa. Seva ya kwanza haikuchelewa. Ucheleweshaji wote ulitokea katika kipande cha mwisho cha safari, pengine umeme ulikatika au mnara wa mawasiliano ulizimika. Kama mada inataka mitumbwi iondolewe leo, saa tatu na nusu ni muda wa mtu kuamka, kuyafuata maji na kurudi. Anayetaka kurekebisha mambo baada ya hapo hana haja ya kulaumiana na wenzake. Kichwa cha ujumbe kimekwisha toa ushahidi wa mahali penye kasoro, mradi saa za seva zenyewe ziwe zimewekwa sawa.

BAHASHA YAWEZA KUSEMA UONGO

Mtu yeyote anaweza kuandika jina la ofisi kubwa nyuma ya bahasha ya karatasi. Vivyo hivyo, kipengele cha mtumaji katika barua pepe huandikwa na mtumaji mwenyewe, na kanuni za mwanzo hazikuwa na njia ya kumzuia kudanganya. Matapeli huitumia nafasi hiyo kutuma barua zinazodai kutoka serikalini au benki, wakitaka ada, namba za siri au nakala za vyeti. Wakati wa maafa huweza hata kuzusha tahadhari za uongo, zikawafanya watu wayahame makazi bure au, vibaya zaidi, wapuuze tahadhari ya kweli inayofuata.

Kinga ya kwanza ni kutofautisha jina la kupamba na anwani yenyewe. Programu nyingi za simu huonyesha jina tu, na tapeli hulitegemea hilo. Kinga ya pili ni mihuri ya njiani. Mihuri ya chini inaweza kughushiwa, lakini ule uliogongwa na seva ya mpokeaji mwenyewe hauwezi kuguswa na tapeli, maana huongezwa ujumbe ukiwa umekwisha kutoka mikononi mwake. Kinga ya tatu ni saini ya kihesabu inayojulikana kama DKIM, ambayo kanuni yake ilitolewa mwaka 2007. Seva ya mtumaji hupiga hesabu juu ya mwili wa ujumbe na vipengele teule vya kichwa, hulisaini jibu kwa ufunguo wake wa siri, kisha huiweka saini hiyo ndani ya kichwa. Seva ya mpokeaji huchukua ufunguo wa wazi uliotangazwa na mwenye jina la mtandao, na kuihakiki. Herufi moja ya mada ikibadilishwa baada ya kusainiwa, uhakiki hushindwa.

Hata hivyo saini hiyo huthibitisha asili ya ujumbe, wala haithibitishi ukweli wa habari. Mwenye jina halali la mtandao anaweza kukosea au kusema uongo. Hukumu ya mwisho hubaki kwa msomaji.

KAZI YA DARASANI

Somo hili halihitaji maabara. Mwalimu aliye na kompyuta moja, awe Kibiti mjini au ng'ambo ya mto, anaweza kufungua ujumbe wowote wa kawaida na kuchagua kuonyesha maandishi yake ya asili. Programu nyingi za barua pepe zina nafasi hiyo. Kabla ya kuonyesha darasani, afute anwani na majina ya watu. Penye shule isiyo na umeme, mfano uliomo katika makala haya unaweza kunakiliwa ubaoni.

Wanafunzi wagawanywe katika makundi. Kundi la kwanza liunganishe mistari iliyokunjwa na kuhesabu vipengele. La pili lisimbue mada kwa mkono. La tatu ligeuze saa zote kuwa za Afrika Mashariki, kisha kwa hesabu ya Kiswahili, na kupata muda uliopotea katika kila kituo. La nne lisimbe neno Maji kwa njia ya B. Kundi hilo litagundua kuwa herufi nne hazigawanyiki kwa tatu, na litalazimika kujaza biti zilizopungua kwa sufuri, na nafasi mbili za mwisho kwa alama ya usawa. Jibu sahihi ni TWFqaQ==.

Wakimaliza, mwalimu awaulize swali moja: kama ujumbe huu ungekuwa wa kweli, na ungefika shuleni saa kumi na mbili na dakika 50 asubuhi, ni mambo gani wangeyatazama kabla ya kumtuma mtu ufukweni kwenda kupiga mbiu?